Flajelini kama adjuvanti ya chanjo mfu ya mdondo: mwongozo kamili kutoka jeni hadi bandani

Chanjo mfu ya virusi ni salama kwa sababu kirusi kimeuawa, na ni dhaifu kwa sababu hiyo hiyo. Kirusi hai huingia kwenye chembe, huzaliana na kuleta vurugu mpaka mwili ukasirike. Kilichouawa hakifanyi lolote. Ndiyo maana chanjo mfu huongezewa adjuvanti, yaani kitu cha kuuamsha mwili uichukulie ile antijeni (sehemu ya kirusi ambayo kinga huilenga) kama tishio la kweli.

Wazo lenyewe lina miaka mia moja, na lilianzia kwa mtu wa mifugo. Gaston Ramon, daktari wa mifugo Mfaransa, aliona kwamba farasi waliovimba au kutunga usaha mahali pa sindano ndio waliotoa antitoksini nyingi zaidi. Mwaka 1925 akaeleza jinsi alivyouleta uvimbe huo kwa makusudi, kwa kuchanganya chanjo na tapioka, ambayo kwetu ni wanga wa muhogo tu. Mwaka uliofuata Alexander Glenny na wenzake Uingereza wakaja na chumvi za aluminiamu. Baadaye Jules Freund alitia bakteria wa kifua kikuu waliouawa ndani ya mafuta, akapata nguvu kubwa pamoja na vidonda vibaya visivyovumilika kwa mnyama wa kuliwa. Protini za bakteria ni jaribio la kuchukua kipande kimoja tu cha nguvu hiyo na kuacha vidonda.

Mwongozo huu umelenga mwanafunzi wa uzamili au mtaalamu wa maabara ya mifugo anayetaka kujaribu jambo hili mwenyewe. Nimechagua mfano mmoja: flajelini (protini ya mkia wa bakteria) ya Salmonella Typhimurium pamoja na chanjo mfu ya mdondo (wengine huuita kideri) kwa kuku. Jambo moja litajirudia humu: kupata mchanganyiko unaochochea kinga ni rahisi, kwa kuwa karibu kila kitu kinachotoka ndani ya E. coli huchochea. Kazi ngumu ni kuonyesha kwamba kilichochochea ni protini yako, si endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) iliyoambatana nayo.

Hatua ya 1: Jiulize kama tatizo lako linahitaji adjuvanti

Kwa kuku wa kienyeji, chanjo hai ya I-2 ya kudondosha jichoni tayari inafanya kazi nzuri. Inavumilia joto kuliko chanjo hai za kawaida, hurudiwa kila baada ya miezi minne, na Tanzania huitengeneza yenyewe. Usipoteze muda kuiongezea flajelini.

Adjuvanti mpya ina maana pale chanjo mfu inapotumika, hasa kwa kuku wa mayai na kuku wazazi. Leo hao huchomwa chanjo iliyochanganywa na mafuta. Mafuta hutoa kinga ndefu, lakini huacha uvimbe kwenye nyama na hudai muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Tena hayafai kudondoshwa jichoni wala puani, ambako ndiko kirusi cha mdondo kinakoingilia. Protini za bakteria zinaweza kupita njia hiyo, na hiyo ndiyo sababu yake bora ya kuwepo. Kama lengo lako ni kuyapiku mafuta kwa sindano ya msuli, nakushauri uchague swali lingine.

Hatua ya 2: Chagua protini kwa kumtazama mnyama

Flajelini ni tofali la mkia ambao bakteria hutumia kuogelea. Ile ya Salmonella Typhimurium, FliC, ina amino asidi kama 495 na uzito wa kilodalton 52 hivi. Mwili huitambua kupitia kipokezi TLR5. Kuku wanacho kipokezi hicho na kinaitikia vizuri. Ng'ombe nao wanacho, ila majaribio ya maabara yameonyesha kuwa chao huitikia kwa unyonge kuliko cha binadamu. Anayewaza chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo asichukulie matokeo ya panya au kuku kuwa ahadi kwa ng'ombe.

Mbadala ni kipande B cha sumu ya kipindupindu (CTB) au cha sumu ya E. coli inayoharibiwa na joto (LTB). Vipande hivi hujipanga vitano vitano na kushika ganglioside GM1 (mafuta yenye sukari) juu ya chembe za utando laini. Hakikisha ni kipande B peke yake, bila kipande A chenye sumu. Uswisi, msimu wa 2000 na 2001, chanjo ya mafua ya kupuliza puani iliyokuwa na sumu nzima ya E. coli iliondolewa sokoni baada ya watu kupooza upande wa uso. Pua iko karibu na neva za kichwa, ya binadamu na ya kuku.

Kuna pia lipoprotini kama OprI ya Pseudomonas aeruginosa, lakini utayarishaji wake una usumbufu zaidi. Anza na flajelini.

Hatua ya 3: Vibali

Usiagize jeni kabla ya kupata kibali cha kamati ya maadili ya wanyama ya chuo au taasisi yako, kibali cha utafiti (COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya) na idhini ya usalama wa kibayoteknolojia, kwa sababu utatumia bakteria waliobadilishwa jeni. Utakachowapa kuku ni protini iliyosafishwa, si bakteria wenyewe. Liandike hilo wazi katika maombi, litakupunguzia maswali.

Hatua ya 4: Zalisha protini

Agiza jeni ya fliC iliyorekebishwa kwa ajili ya E. coli, ikiwa ndani ya plasmidi ya aina ya pET yenye mkia wa histidini sita. Siku hiyo hiyo agiza nakala ya pili iliyobadilishwa amino asidi za eneo la 89 hadi 96. Hapo ndipo TLR5 inaposhika, na zikibadilishwa flajelini inabaki na umbo lake lakini inakuwa bubu. Watu huiacha nakala hii kwa kubana bajeti, kisha huitamani mhakiki anapouliza maswali.

Otesha bakteria wa BL21(DE3), aina ya E. coli ya maabara, kwenye nyuzi joto 37 za Selsiasi mpaka spektrofotomita isome 0.6 kwenye nanomita 600. Shusha joto hadi nyuzi 30, weka IPTG (kemikali ya kuwasha jeni) ya milimola 0.5, acha kwa saa nne. Ukiona protini imeganda katika mabonge yasiyoyeyuka, shusha hadi nyuzi 18 na uache usiku kucha. Zipo aina za E. coli zilizotengenezwa ziwe na lipidi A (sehemu ya endotoksini) isiyoamsha kinga, kama ClearColi. Hukua polepole na bei yake iko juu, lakini ukiweza kuipata, nusu ya hatua inayofuata itakuwa imekwisha.

Kuna njia ya zamani ya kukata mikia ya Salmonella hai kwa kutikisa kwa nguvu. Iache. Huja na uchafu mwingi, na unafuga Salmonella bila sababu.

Hatua ya 5: Ondoa endotoksini

Soma hatua hii mara mbili. Endotoksini ni lipopolisakaridi ya ukuta wa E. coli. Inaamsha kinga ya kuku kwa njia zake yenyewe, na hugandamana na protini yako hata pale jeli inapoonyesha mstari mmoja safi. Jeli ya SDS-PAGE huonyesha protini tu. Mtu akikuambia flajelini yake ni safi kwa asilimia 95 kwa kutazama jeli, bado hajakuambia lolote kuhusu endotoksini.

Safisha kwanza kwa safu ya nikeli. Protini ikiwa bado imeshikwa kwenye safu, ioshe kwa bafa ya baridi yenye Triton X-114 ya asilimia 0.1, angalau mara ishirini ya ujazo wa safu, kisha kwa bafa isiyo na Triton mpaka sabuni yote iishe. Ndipo uitoe kwa imidazoli na kuidayalisha kwenye PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati). Pima kiasi cha protini kwa njia ya BCA, kwa sababu mabaki ya Triton huharibu usomaji wa nanomita 280.

Halafu pima endotoksini kwa kipimo cha LAL. Ikizidi, rudia kwa njia ya kutenganisha tabaka: ongeza Triton X-114 hadi asilimia 1 au 2, changanya juu ya barafu kwa nusu saa, pasha hadi nyuzi 37 mpaka mchanganyiko uwe na ukungu, zungusha kwenye sentrifuji yenye joto hilo hilo, uchukue tabaka la juu. Endotoksini hubaki chini pamoja na sabuni. Fanya mara tatu.

Hesabu yake iko hivi. Nanogramu moja ya endotoksini ni sawa na uniti 10 hivi za LAL. Ukiwa na uniti 100 kwa kila mikrogramu ya protini na dozi yako ni mikrogramu 10, kila kuku atapata uniti 1,000, yaani nanogramu kama 100 za endotoksini. Kiasi hicho kinaweza kukuletea matokeo mazuri ya uongo. Lenga chini ya uniti 1 kwa mikrogramu.

Vyombo navyo vina hila zake. Otoklevu ya nyuzi 121 huua bakteria lakini haiondoi endotoksini. Vyombo vya glasi vioke kwenye tanuri kavu kwa nyuzi 250 kwa nusu saa au zaidi, na vya plastiki nunua vilivyothibitishwa. Maji yaliyochujwa yakakaa kwenye dumu wiki nzima yameshaota bakteria, hata kama mashine ya kuyachuja ni mpya. Kwa hatua za mwisho tumia maji ya sindano yaliyofungwa kiwandani.

Gawa protini kwenye vichupa vidogo vya kutumika mara moja na uhifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Flajelini yenyewe ni ngumu, haisumbuliwi sana na umeme kukatika. Kinachoiharibu ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara.

Hatua ya 6: Thibitisha kuwa iko hai, na kwamba ni yenyewe

Kama unaweza kupata chembe za HEK (chembe za figo za binadamu za maabara) zilizowekewa TLR5, jaribio ni rahisi, maana chembe hizo hazijali endotoksini. Wengi hawana. Watatumia chembe nyeupe za damu ya kuku au chembe za HD11 (makrofaji ya kuku ya maabara), na kupima nitriki oksidi kwa njia ya Griess, au IL-1β kwa RT-qPCR. Chembe hizi huitikia endotoksini pia, kwa hiyo pima flajelini yako katika hali tatu: peke yake, pamoja na polimiksini B, na baada ya kusagwa na proteinase K.

Polimiksini B hushika endotoksini na kuiacha flajelini. Proteinase K husaga flajelini na kuiacha endotoksini. Mwitikio ukiendelea mbele ya polimiksini na kufa baada ya proteinase, hiyo ni protini yako. Ukiwa kinyume chake, rudi hatua ya 5 kabla hujamgusa kuku hata mmoja. Kuichemsha flajelini ili upate kilinganishi kisicho hai hakusaidii. Inavumilia joto na itaendelea kuamsha TLR5.

Hatua ya 7: Andaa antijeni na mchanganyiko

Tumia LaSota, aina ya kirusi cha mdondo ambayo haina ukali. Pandikiza kwenye mayai yenye viinitete vya siku 9 hadi 11, vuna majimaji ya alantoisi na upime uniti za HA (uwezo wa kirusi wa kugandamanisha chembe nyekundu za damu). Ua kirusi kwa beta-propiolaktoni ya asilimia 0.1 kwenye nyuzi 4 usiku kucha, kisha weka nyuzi 37 kwa saa mbili ili kemikali iliyobaki iharibike yenyewe. Beta-propiolaktoni hushusha pH, kwa hiyo bafa iwe imara, na ifanyie kazi ndani ya kabati la hewa kwa sababu inashukiwa kusababisha saratani. Formalini ni rahisi kupatikana, lakini mabaki yake yatafungamana na flajelini na kuiharibu. Pima HA tena, kisha pitisha sampuli kwenye mayai mara mbili au tatu mfululizo kuhakikisha hakuna kirusi kilichobaki hai.

Kiasi cha antijeni ndicho kinachoharibu majaribio mengi kimyakimya. Ukiweka nyingi, kundi la antijeni peke yake litapanda hadi juu kabisa na hakutabaki nafasi ya adjuvanti kuonekana. Fanya jaribio dogo la awali lenye viwango vitatu na uchague kile ambacho peke yake huleta HI (kipimo cha kingamwili zinazozuia kugandamana huko, tazama hatua ya 9) ya wastani wa 2 kwa kipeo cha 3 au 4. Kwa flajelini, jaribu mikrogramu 1, 5 na 25. Changanya siku ile ile ya kuchanja.

Hatua ya 8: Panga makundi ya kuku

Vifaranga huzaliwa na kingamwili za mama, ambazo hupungua nusu kila baada ya siku nne na nusu hivi. Ukiwachanja mapema zitameza antijeni yako. Subiri wafikishe wiki nne, pima damu, na uwatoe wenye kingamwili.

Makundi ninayoyaona ya lazima ni sita: PBS tu, antijeni tu, flajelini tu, antijeni na flajelini, antijeni na flajelini bubu, antijeni na mafuta. Endotoksini ya flajelini bubu iwe sawa na ya ile hai kwa kipimo cha LAL. Kama hukutengeneza nakala bubu, tumia flajelini iliyosagwa na proteinase K, kisha ichemshe kwa nyuzi 95 kwa dakika 10 ili kuua kimeng'enya, na upime HA ya mchanganyiko kuhakikisha antijeni haikusagwa pia. Bajeti ikikataa makundi sita, futa la PBS au la flajelini tu, lakini hilo la flajelini bubu lisiguswe.

Idadi isikisiwe. Chukua mtawanyiko wa HI kuwa 1.5 kwa log2 (yaani hatua za kuzidisha kwa mbili) na uwezo wa jaribio wa asilimia 80. Kuona tofauti ya log2 mbili unahitaji kuku 9 kwa kila kundi, tofauti ya moja na nusu unahitaji 16, na tofauti ya moja tu unahitaji 36. Ongeza wachache kwa ajili ya vifo. Kwa kuwa kirusi kimeuawa na hakiambukizi, makundi yote yanaweza kukaa banda moja yakitofautishwa kwa pete za miguu. Hivyo unaondoa kabisa tofauti ya banda na banda. Anayepima damu asijue pete ipi ni ya kundi lipi.

Chanja siku ya 0 na ya 21. Chukua damu kwenye mshipa wa bawa siku ya 0, 14, 21 na 35, kisha kila mwezi hadi wiki ya 16. Hapo mwishoni ndipo ukweli ulipo, kwa sababu flajelini katika maji huinua kingamwili haraka ilhali mafuta huzishikilia muda mrefu. Mtafiti anayefunga jaribio siku ya 35 anapima mahali ambapo bidhaa yake inang'aa. Kama ulipitia jichoni, kusanya machozi pia na upime IgA (kingamwili za utando laini) kwa ELISA. Punje ndogo ya chumvi jichoni huyatoa.

Pima uzito kila wiki na kagua mahali pa sindano. Kuku waliojikunja na kuacha chakula siku mbili wanakuambia dozi ni kubwa.

Hatua ya 9: Kipimo cha HI na kusoma matokeo

Kwenye sahani ya visima vyenye kitako cha V, punguza seramu mara mbili mbili katika mikrolita 25 za PBS. Ongeza mikrolita 25 za antijeni yenye uniti 4 za HA, subiri nusu saa, weka mikrolita 25 za chembe nyekundu za kuku za asilimia 1, soma baada ya dakika 40. Inamisha sahani: chembe ambazo hazikugandamana hutiririka kama machozi. Rudia kupima zile uniti 4 kila siku ya kazi, kwani zikiwa 8 matokeo yako yote yameshuka daraja moja. Kwa uniti hizo nne, seramu huhesabiwa kuwa chanya ikizuia kuanzia 1 kwa 16.

Chambua kwa log2, si kwa namba ghafi. Linganisha kwanza antijeni na flajelini dhidi ya antijeni na flajelini bubu, kabla ya kulinganisha na antijeni tu. Flajelini hai na bubu zikiwa zimepandisha HI sawasawa, ulichopima ni endotoksini. Kundi la flajelini tu likionyesha HI, kuna kuku aliyekutana na kirusi cha mtaani au mtu amechanganya pete.

Jaribio la kuwapa kuku kirusi kikali halifanywi kwenye banda la chuo. Hilo ni la maabara yenye ulinzi na kibali maalumu, na hulifikii kabla ya kuwa na data ya HI inayosimama.

Kabla ya kuandika pendekezo la fedha

Protini yenyewe haitakugharimu sana. Ukipata miligramu 20 safi kutoka lita moja ya bakteria, hizo ni dozi 2,000 za mikrogramu 10. Kinachokula fedha ni LAL, safu za nikeli na kuku wa kulisha kwa miezi minne. Weka fungu la LAL la peke yake, maana utaipima mara nyingi kuliko unavyodhani.

Jingine litaulizwa na wadhibiti wa ubora, na AU-PANVAC (kituo cha Umoja wa Afrika cha chanjo za mifugo) kule Ethiopia ikiwa bidhaa itafika huko: kuku aliyechanjwa atakuwa na kingamwili dhidi ya flajelini ya Salmonella. Vipimo vya damu vinavyotafuta flajelini za Salmonella vinaweza kumsoma kuwa ameambukizwa. Kipimo cha ugonjwa wa pulorum hakitaguswa, kwa sababu bakteria wake hawana mikia na kipimo hutazama antijeni O (ya ukuta wa bakteria). Chukua seramu zako za siku ya 35, zipitishe kwenye kila kipimo cha Salmonella kinachotumika nchini kwako, na uambatanishe majibu hayo na ripoti ya kwanza kabisa.